Somo, Mwani Hauyeyuki kwa Jua

Somo yangu Rehema,

Sikuulizi hali. Ningekuandikia faraghani ningekuuliza habari za Muscat, za kazi, za miguu yako inayovimba ukisimama sana, maana ndivyo nilivyolelewa. Lakini barua hii nimeiweka wazi. Aisome Bi Tatu, waisome wanawake wa mtaa wetu, aisome kila aliyekula faluda siku ile. Aibu uliyoniachia ilikuwa ya hadharani, na mimi sioni kwa nini jibu langu liwe la chumbani.

Juzi Salma wako alinipigia. Akaniita Mama Somo, kama alivyozoea tangu hajui kuvaa viatu. Akaniambia anaolewa, na kwamba wewe unarudi kwa ajili ya harusi. Nikampigia vigelegele kwenye simu, kweli kabisa, vilinitoka vyenyewe. Halafu akasita kidogo, akasema, "Mama anakuomba utupikie faluda."

Wewe ndiye unayeomba, na mdomo umemtuma mtoto.

Nilimwambia nitamjibu. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango mpaka mume wangu akatoka ndani kuniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu. Nikamwambia Rehema anataka faluda. Baba Neema si mtu wa kutukana, unamjua. Siku ile alitukana.

Unakumbuka Buguruni? Ile nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na bomba moja, mama mwenye nyumba akiita "Rehema!" tunaitika wote wawili, yeye anakasirika kana kwamba tumefanya makusudi. Wewe wa Lindi, mimi wa Marangu. Wewe unaamka kuswali, mimi Jumapili nabeba Biblia yangu naenda. Ulinishika mkono ukasema, "Jina letu moja, basi wewe ni somo yangu, na somo hagombani na somo." Mimi kwetu sikulijua neno hilo kwa maana hiyo. Nililipokea kama zawadi, nikalitumia mpaka watoto wetu wakadhani ni jina la ukoo.

Ulikuwa na mfuko wa mwani aliokutumia mama yako kutoka Lindi. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni takataka za pwani zimekaukia kwenye mfuko.

"Hizi takataka nazo tunakula?"

"Takataka mwenyewe," ulinijibu. "Kaa hapo uone."

Uliuloweka. Ukauosha, ukamwaga maji, ukauosha tena, mpaka mchanga na chumvi na ile harufu vikaisha. Ukauchemsha ukawa uji mzito, ukauchuja kwa kitambaa cheupe, ukatia maziwa, sukari na iliki. Ukamimina kwenye sinia, ukaliacha juu ya benchi, uani, mchana, na joto la Buguruni lile. Friji hatukuwa nayo. Mimi nilikuwa nasubiri kukucheka. Tulipomaliza kufua nikagusa kwa kidole, kidole kikarudi kikavu. Faluda imesimama. Ukaikata kwa kisu vipande vya pembe nne, ukanipa cha kwanza.

Nikakuambia kwetu nako tuna kitu kama hiki. Mama yangu alikuwa akichemsha kongoro, kwato za ng'ombe, mpaka mifupa inaachia. Supu ile ikilala usiku kwenye baridi ya Marangu, asubuhi unaikuta imeganda, unaweza kuipindua sufuria isimwagike. Ukiisogeza jikoni inarudi supu. Hukuniamini. Nikanunua kongoro sokoni, nikachemsha siku nzima, nikaiacha ilale. Asubuhi tukafunua sufuria na supu ikacheza kama maji ya kisimani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Ya kwenu inaogopa joto, somo!" Mimi nilikasirika kidogo, kisha nikacheka na wewe, tukainywa na ndizi.

Nayasema haya ili watu wajue kwamba hilo jambo ulilijua tangu Buguruni, kabla hatujawa na meza Kariakoo, kabla jina la "Faluda ya Rehema" halijaandikwa popote.

Na kama Buguruni haikutosha, kulikuwa na ile semina ya wajasiriamali wa vyakula. Tulikaa viti vya mbele, wewe kulia kwangu. Yule mwalimu, dada mwembamba mwenye sauti kubwa, alitueleza kwa nini vitu vinaganda. Alisema ndani ya mwani, na ndani ya kongoro, na hata ndani ya ugali, kuna nyuzi ndefu, ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Ukichemsha, kila uzi unaelea kivyake. Ikipoa, nyuzi zinatafutana, zinajisokota, zinashikana, zinakuwa kama wavu, na maji yanabaki humo ndani.

Ulinyoosha mkono. Wewe hukuwahi kuogopa kuuliza. "Mwalimu, wavu una matundu. Mbona maji hayachuruziki?"

Yule dada akafurahi. Akasema wavu peke yake hautoshi, maji yenyewe nayo yanashika. Kila chembe ya maji inavutwa na uzi ulio karibu, na inavutana na chembe nyingine ya maji, na hiyo nayo na nyingine. Mshiko mmoja ni dhaifu, hauna kazi. Ila ni mingi isiyohesabika, na yote inashika kwa pamoja, ndiyo maana sinia unaliinamisha na maji hayaendi popote. Akasema nyuzi za kongoro zinaachiana kwa joto la mdomo tu, ndiyo maana inayeyuka ulimini. Za mwani zinang'ang'ana mpaka zikaribie moto. Akasema nanasi lisilopikwa na papai bichi vinakata nyuzi za nyama na za kongoro, ndiyo maana watu wanalainishia nyama kwa papai, lakini mwani haviufanyi kitu. Ukanipiga kiwiko, kwa sababu faluda yetu ilikuwa inapambwa kwa nanasi.

"Kwa hiyo mwalimu," ulisema, "sisi siku zote tunauza maji?"

Ukumbi mzima ulicheka. Na yule dada akasema, "Karibu yote ni maji. Mnauza maji yaliyokubali kutulia."

Njia nzima ya kurudi ulikuwa unairudia sentensi hiyo kwa sauti yake. Kwa hiyo usije ukamwambia mtu kwamba hukuelewa. Ulielewa kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye walima, karamu ya harusi ya binti yake Bi Tatu.

Bi Tatu alitupa kazi ile kwa heshima. Alisema, "Sitaki keki za madukani, nataka faluda yenu, ile ya mwani, wageni wangu waile bila wasiwasi." Wewe ulikuwepo. Neno wasiwasi alilisema yeye, kwa mdomo wake. Alikuwa anajua kwamba mmoja wetu ni Mkristo na hakujali, kwa sababu mwani ni mmea wa baharini, hauchinjwi.

Mimi siku ya kupika nilikuwa kitandani nyumbani, mtaa wa Gerezani, na malaria. Ulikuja kuniona, ukanifunika khanga, ukaniambia, "Lala somo, nitamaliza mwenyewe." Nikalala nikiwa na amani. Sikujua kwamba mwani kutoka Lindi ulikuwa haujafika. Hukuniambia. Ungeniambia tungemwendea Bi Tatu, tukamwomba radhi, tukampikia visheti na kaimati, na mambo yangeisha kwa maneno mawili matatu ya lawama. Badala yake ukaenda kwenye duka moja la vifaa vya keki, ukanunua unga wa kugandisha uliofungwa upya kwenye mifuko ya nailoni, hauna jina, hauna maandishi. Ukapika. Ukaweka kwenye friji za watu. Kwenye friji vitu vyote viwili vinasimama, macho hayawezi kutofautisha.

Kesho yake mchana nikajikokota kuja kusaidia kugawa. Turubai limefungwa mtaani, watu wamejaa, joto limetulia chini ya turubai kama mvuke wa sufuria. Masinia ya kwanza yaliliwa vizuri. Watu wakasifu, wakasema safari hii laini, inayeyuka mdomoni. Neno hilo lilinishtua kidogo, sikulitilia maanani. Yakaja masinia yaliyokuwa yamesubiri mezani. Chini ya kila kipande cha nanasi palikuwa na kidimbwi. Pembeni faluda imelegea, inateleza. Bi Tatu akanikonyeza niende.

"Rehema, mwanangu, hii faluda au maziwa?"

Nilichovya kijiko. Kikazama chote. Pale pale niliiona sufuria ya kongoro ya Buguruni, na wewe umekaa chini unacheka.

Nilikuvuta nyuma ya turubai.

"Somo, umetia nini?"

"Mwani."

"Mwani hauyeyuki kwa jua. Umetia nini?"

Ukatazama pembeni. "Unga tu. Wa dukani. Kila mtu anatumia."

"Unga wa nini? Wa mnyama gani?"

"Sikuuliza." Kisha ukanishika mikono, mikono yako ya baridi ya kutoka kwenye friji. "Nakuomba, usiseme leo. Usiniaibishe mbele ya watu."

Nikanyamaza. Nilidhani nakusitiri mpaka jioni, kisha wewe mwenyewe utamwendea Bi Tatu. Hivyo ndivyo nilivyokufahamu.

Lakini hatukufika jioni. Shangazi wa bi harusi ni mwoka keki, na yeye ulimi wake haudanganywi. Alionja, akaonja tena, akasimama. "Hii ni jelatini. Ya mnyama gani?"

Vijiko vikatulia. Mama mmoja akatema kwenye kitambaa chake. Watu wakaanza kuulizana ni Rehema yupi aliyepika, na nikasikia sauti kutoka nyuma, sijui ya nani mpaka leo, ikisema, "Si yule Mchaga." Macho yote yakaja kwangu, kwenye msalaba mdogo shingoni mwangu ambao nilikuwa nauvaa kila siku na hakuna aliyewahi kuuona.

Mimi nilikuangalia wewe. Ulikuwa umesimama karibu na meza, sahani mkononi. Nilisubiri. Ungesema neno moja tu, "mimi," wangekulaumu, wangekusema wiki mbili, kisha wangekusamehe, maana ni mtoto wao. Ukaweka sahani chini, ukatengeneza ushungi wako, ukainama kuokota vijiko.

Kuokota vijiko, Rehema!

Sijui unga ule ulikuwa wa mnyama gani. Huenda ni wa ng'ombe aliyechinjwa kihalali kabisa. Hakuna anayejua, na kutojua ndiko kulikowaumiza. Sheikh wa pale aliwaambia kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Alisema vizuri na watu walimsikia. Ila hakuna aliyeuliza juu ya mtu asiyefanya, naye ana hatia gani.

Haukupita muda ukaondoka, ukasema kazi ya Muscat imejibu. Mimi nikabaki na jina. Hicho ndicho sikuwahi kukifikiria siku zote tulizofurahia kuitwa jina moja, kwamba mmoja akiondoka, yule anayebaki ndiye Rehema wa faluda. Meza ikawa inakaa mchana kutwa na masinia yamejaa. Neema alirudi kutoka shuleni analia, wamemwambia mama yake aliwalisha watu nguruwe. Idi iliyofuata nyumba nzima ilinukia pilau na hakuna sahani iliyogonga mlango wangu. Unajua Idi zetu zilivyokuwa. Watoto wangu walikaa wamevaa nguo nzuri wanasubiri, kwa sababu mimi mjinga nilikuwa nimewavalisha. Baba Neema akasema tuhame. Nikamwambia nikihama nimekiri.

Nikaenda kwa Bi Tatu. Asubuhi, na jiko langu la mkaa, na mwani, na mfuko wa ule unga nilioununua duka lile lile. Nikamwomba anitazame tu. Nikapika vyote viwili uani kwake, nikavigandisha kwenye friji yake, nikavitoa nikaviweka juani kwenye sahani mbili zinazofanana. Tukakaa. Cha unga kilianza kulegea pembeni, kikasambaa, kikawa maziwa. Cha mwani kilitoa jasho kidogo, matone ya maji juu yake kama kawaida yake, kikabaki kimesimama. Nikamwambia, "Bi Tatu, mimi nimepika hiki miaka yote. Siku ile nilikuwa naumwa, sikuingia jikoni."

Alinitazama sana. Yule mama ni mtu wa haki. Akasema, "Nimeona tofauti. Sijaona aliyetia." Akachukua simu yake, akakupigia, akaweka spika.

Hukujua kwamba nimekaa pale.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nina swali moja, mwanangu, na Mungu anatusikia. Siku ya walima, nani alitia ule unga?"

Nikasikia mtu anaendesha mashine ya kusafishia zulia huko uliko. Nikasema moyoni, sasa atasema, sasa.

"Mama, jikoni tulikuwa wawili. Mimi siwezi kujua mwenzangu alitia nini."

Bi Tatu alizima simu. Nikakusanya jiko langu na makaa yake ya moto, nikayabeba hivyo hivyo, kwa sababu sikuweza kukaa pale yapoe.

Lile la turubai ningeweza kulielewa siku moja. Uliogopa, watu walikuwa wengi, ulishikwa na bumbuwazi. Lakini kwenye simu hapakuwa na watu. Palikuwa na mama mmoja mzee amekuuliza kwa upole, na ukapata muda wa kufikiri, na baada ya kufikiri ukanichagua mimi. Mimi niliyembeba Salma mgongoni kumpeleka kliniki wewe ukiwa kazini. Na wewe uliyenishika kiuno usiku kucha nilipokuwa najifungua Neema, mpaka mkunga akauliza kama ni ndugu yangu wa tumbo moja, ukajibu ndiyo. Ungekuwa mtu baki, hasira hizi zingekuwa zimeisha zamani.

Nimerudi mezani, kama hujui. Sina tena jiko la ndani. Mwani nauosha mbele ya wateja, nauchemsha mbele yao, nauchuja mbele yao, na anayetaka kushika anashika. Ikiganda naiacha juani kwa makusudi. Wengine wamerudi. Mabinti wa maduka ya vitambaa wananunua, vijana wa spea za Gerezani wananunua, hata yule shangazi mwoka keki alikuja siku moja, akala akiwa amesimama, akaniambia, "Hii ndiyo yenyewe," akaenda zake. Bi Tatu ananisalimu kila akipita, anauliza watoto. Hajawahi kula. Simlaumu. Anabaki na swali ambalo wewe peke yako unaweza kulijibu.

Kwa hiyo sikiliza jibu langu, na Salma naye asikie.

Nitapika. Nitaipika hapo uani kwenu, mchana kweupe, na mwani nitauagiza mwenyewe mapema. Sitadai kitu. Siku hiyo sitasema neno moja juu yako, nitavaa vizuri, nitacheza, nitamtunza mwali kama mama yake mwingine, maana ndivyo nilivyo kwake. Bi Tatu amealikwa; nimemuuliza, amesema atakuja.

Nitakata kipande cha kwanza, nitakiweka kwenye sahani, nitakupa wewe mkononi. Umpelekee Bi Tatu mwenyewe, kwa miguu yako, na umwambie nani alipika siku ile. Umwambie kwa sauti ya kawaida, ile uliyokuwa unaulizia maswali semina. Wanaokaa jirani watasikia, inatosha, watabeba habari wenyewe.

Ukishindwa, iweke sahani mezani. Nitajua. Nitaosha masufuria yangu, nitambusu Salma, nitaondoka, na jina lile ulilonipa Buguruni usiliite tena mbele yangu wala nyuma yangu.

Mtoto nimemkubalia. Wewe bado.

Rehema wa Kariakoo,
uliyemwita somo